Ng'oa Pedeli, Shusha Siti, Mwachie Mtoto

Wengi wetu tuliokulia huku kanda ya kati tulijifunza baiskeli juu ya baiskeli ya mtu mzima. Ile nyeusi, nzito, yenye bomba la juu na keria pana ya kubebea dumu la maji au gunia la mahindi. Siti hukuifikia, kwa hiyo ulianzia pembeni: mguu mmoja juu ya pedeli ya kushoto, mguu mwingine unasukuma ardhi, na baiskeli inaserereka huku umeinamia usukani. Ukishazoea, ndipo unapenyeza mguu chini ya bomba na kupiga pedeli nusu nusu, mwili umepinda upande mmoja. Siti ilikuja mwisho, miguu iliporefuka.

Nimekuwa nikiifikiria sana hatua ile ya kwanza tangu nianze kukaa na watoto wadogo wa mtaani kwetu Ilazo, hapa Dodoma, jioni, mwanangu akiwa mmoja wao, tukiwafundisha kuendesha. Ule mguu uliokuwa ukisukuma ardhi ndio uliotufundisha baiskeli. Pedeli tulizipata baadaye na wala hazikutusumbua. Baiskeli ndogo isiyo na pedeli inampa mtoto wa miaka miwili au mitatu hatua ileile, ila sasa amekaa kwenye siti, na ardhi ipo chini ya miguu yote miwili.

Kuendesha baiskeli ni kazi mbili zilizofungwa pamoja. Kuna kupiga pedeli, na kuna kujisimamisha juu ya magurudumu mawili, yaani mizani. Ya kwanza mtoto anaiweza hata kwenye kibaiskeli cha matairi matatu barazani. Ya pili ndiyo baiskeli yenyewe, na hiyo ndiyo tunayoichelewesha tunapomfungia mtoto vile vigurudumu vya pembeni. Navisema vigurudumu hivyo kwa uzito kwa sababu viko karibu kila duka linalouza baiskeli za watoto hapa mjini, na mzazi akivinunua anaamini kabisa kwamba amenunua usalama.

Tazama kinachotokea. Baiskeli inapoanza kulalia kushoto, mwendeshaji anageuza usukani kidogo kushoto, na magurudumu yanarudi chini ya uzito wake. Ikilalia kulia, anageuza kulia. Anafanya hivyo muda wote, kwa kiasi kidogo sana, bila kufikiri. Ukitaka kuhakikisha, mfuate mtu anayeendesha polepole juu ya vumbi laini, kisha angalia alama za matairi. Hazinyooki hata kidogo. Ya mbele inakatiza ya nyuma huku na huku njia nzima. Hiyo ndiyo mizani, imeandikwa chini.

Sasa mtoto mwenye vigurudumu vya pembeni hawezi kulala upande wowote. Akikata kona ya kushoto, baiskeli inabaki wima na mwili wake unasukumwa kulia, naye anazoea kuegemea nje ya kona. Anakaa hivyo mwaka, pengine miwili. Siku vinapofunguliwa, mwili wake unafanya alichozoea, na alichozoea sasa ndicho kinachomwangusha. Wazazi wanasema mtoto ni mwoga. Mtoto si mwoga, anafundishwa upya kitu alichofundishwa kinyume.

Na historia iko upande wa miguu. Chombo cha kwanza cha magurudumu mawili kilichojulikana kuendeshwa na mtu hakikuwa na pedeli. Mjerumani Karl von Drais alikitoa hadharani mjini Mannheim tarehe 12 Juni 1817: mashine ya mbao yenye uzito wa zaidi ya kilo 20, magurudumu mawili yamefuatana, usukani mbele, na mpanda akikaa katikati na kusukuma ardhi kwa miguu. Siku hiyo alikwenda nayo kilomita 7 hivi nje ya mji na kurudi, kwa muda usiofika saa moja. Pedeli zilikuja Ufaransa katika miaka ya 1860. Zaidi ya miaka 40 dunia ilikuwa na kitu cha kujifunzia mizani kabla mtu hajapata pa kukanyaga. Mwaka 1997 Mjerumani mwingine, Rolf Mertens, alimtengenezea mwanawe mdogo baiskeli ya mbao isiyo na pedeli, na kutoka hapo baiskeli za watoto za namna hii zikasambaa.

Lakini hatuhitaji kwenda Ujerumani kuona jambo hili likifanya kazi. Kule Goma, mashariki mwa Kongo, vijana wanashusha viazi, kuni na mkaa milimani kwa chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili, hakina pedeli wala mnyororo, na mji ule umekijengea sanamu kwenye mzunguko wa barabara. Anayeendesha anapiga goti juu ya ubao kwa mguu mmoja na kusukuma kwa mwingine. Mzigo mzito kuliko yeye, mteremko, barabara ya mawe ya volkano, na vyote vinashikwa na mizani peke yake.

Haya, tuje kwenye ya kwetu. Baiskeli za kiwandani zisizo na pedeli zinapatikana nchini, ila bei yake si ya kila nyumba, na mimi sioni haja ya mzazi kujinyima kwa ajili hiyo. Kwa mtoto wa miaka mitatu au minne, chukua baiskeli ndogo ya mtumba ya tairi za inchi 12, upeleke kwa fundi.

Fundi wetu anakaa chini ya mwarobaini, sanduku la spana mbele yake na beseni la maji la kutafutia pancha. Nilipompelekea baiskeli ya kwanza na kumwambia afungue pedeli zote, aliigeuza juu chini akanitazama.

"Dada, sasa mtoto atakanyaga wapi?"

"Chini, kaka."

"Chini ardhini?"

"Ardhini. Na mnyororo toa pia."

Akafungua. Nilipiga magoti karibu yake nione, na hapa nashauri kila anayetaka kufanya mwenyewe nyumbani awe mwangalifu. Pedeli ya kulia inafunguka kinyume cha mshale wa saa, kama nati nyingine zote. Ya kushoto nyuzi zake zimechongwa kinyume, kwa hiyo inafunguka kwa kufuata mshale wa saa. Ukiilazimisha kwa mkono uliouzoea, unaikaza zaidi mpaka nyuzi zinaliwa. Usiishie kwenye pedeli tu. Ile mikono ya chuma inayobeba pedeli ikibaki, inampiga mtoto kwenye miundi kila hatua, na mtoto anayeumia mguu kila hatua atashuka na hatapanda tena. Toa mikono hiyo, toa mnyororo na kava lake. Fundi aliziba tundu zilizobaki kwa vipande vya tyubu kuukuu ili vumbi lisiingie kwenye gololi, akafunga vyuma vyote kwenye mfuko mmoja na grisi kidogo, akanipa. Mfuko huo utunze. Utauhitaji.

Kisha siti. Hapa ndipo penye kosa ninaloliona zaidi mitaani: siti iko juu, mtoto anagusa ardhi kwa ncha za vidole. Msimamishe mtoto ukutani akiwa amevaa viatu vyake, mpe kitabu akibane katikati ya mapaja kwa juu kabisa, pima kutoka sakafuni mpaka ukingo wa juu wa kitabu. Siti iwe chini ya kipimo hicho kwa sentimita 3 hivi. Akikaa, nyayo zote zilale chini na magoti yapinde kidogo. Kama bomba la siti halishuki vya kutosha, fundi alikate.

Kwa mtoto wa miaka miwili hata hilo mara nyingi halitoshi, kwani baiskeli ya inchi 12 bado ni ndefu kwake, na ni nzito. Mtoto wa umri huo ana kilo 12 hivi. Baiskeli ya chuma ya kilo 6 ni nusu ya uzito wake. Hebu fikiria wewe ukifundishwa kwa chombo chenye nusu ya uzito wako. Baiskeli za kiwandani za watoto hawa zina kilo 3 hadi 5. Huyu mpelekee seremala. Mbao ya paini na plaiwudi vinatosha, mninga acha kwa ajili ya vitanda. Magurudumu yanaweza kutoka kwenye kigari cha mtoto kilichoharibika. Mwambie seremala usukani uzunguke lakini usizunguke mpaka mwisho, na kila pembe aipige msasa.

Ardhi ya Dodoma ina tabia zake. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na zikiisha ndipo mbigili zinapokauka. Kila aliyewahi kutembea peku hapa anazijua. Zimelala kando ya kila njia, na miiba yake inaingia kwenye tairi dogo la mtoto bila shida yoyote. Kuna tairi za povu gumu zisizo na upepo ndani. Kule kwenye barabara laini watu wanapendelea tairi za upepo kwa kuwa zinameza mtikisiko, nami nakubali, lakini kwa mitaa yetu mimi ningechukua povu. Kama ni za upepo, fundi apasue tyubu kuukuu na kuilaza ndani ya tairi kabla ya kuweka tyubu nzima. Inaongeza uzito kidogo na inaokoa jioni nyingi. Miiba ya migunga nayo usiisahau pale watu walipokata matawi ya kuzungushia uzio.

Mchanga mzito haufai, gurudumu linazama na mtoto anachoka kabla hajajifunza. Lami ni ya magari na bodaboda, hiyo hatuijadili. Kinachofaa ni udongo mgumu wa changarawe uliofagiwa, uwanja wa shule siku ya Jumamosi kwa ruhusa, ua wa kanisa au msikiti uliowekwa tofali za saruji, au sehemu ya barabara ya ndani isiyopitisha magari. Tafuta mteremko mdogo sana, ule ambao mpira ukiuweka chini unajivuta wenyewe taratibu. Mteremko ndio mwalimu mwenzako, maana unampa mtoto mwendo asioutafuta, na mizani haipatikani pasipo mwendo. Saa ni kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Kuanzia Julai kuna siku upepo unapiga na vumbi linaingia machoni, siku hizo mwacheni apumzike.

Helmeti ni lazima tangu siku ya kwanza, hata kwenye mwendo wa kutembea. Isiwe ya bodaboda. Ni kubwa na nzito kwa shingo ya mtoto. Ikae juu ya nyusi kwa upana wa vidole viwili, mikanda ikutane chini ya sikio, na kidole kimoja tu kipite kati ya mkanda na kidevu. Ukiipata kwenye mtumba, igeuze uitazame ndani. Yenye ufa kwenye povu iache hapohapo. Miguuni avae raba. Kandambili zinachomoka, na kwa kuwa mtoto anafunga breki kwa miguu, soli inaliwa haraka kwenye ncha. Fundi viatu akibandika kipande cha tairi mbele ya soli, raba hizo zitamfikisha mbali.

Kufundisha kwenyewe ni kazi ya kujizuia, na hili ndilo ninalolisema kwa kila mzazi anayekuja jioni. Usishike usukani. Usishike siti ukisukuma. Ukishika, mizani unaifanya wewe, na mtoto anajifunza kubebwa. Mwanzoni hatakaa hata kwenye siti. Atatembea ameipanda katikati ya miguu huku ameshika usukani, na anaweza kuendelea hivyo wiki nzima. Mwache. Kisha atakaa huku akitembea. Kisha hatua zitarefuka, miguu itaanza kusukuma pamoja, na kati ya msukumo na msukumo utaona nafasi ndogo ambapo hakuna mguu ulio chini. Nafasi hiyo ndiyo unayoisubiri. Inaanza fupi mno, hata mtoto mwenyewe haijui.

Bibi yake mwanangu, mama mkwe wangu, alikuja kututembelea kutoka Mpwapwa wakati tuko kwenye hatua hiyo. Aliketi kwenye stuli nje ya geti, kanga begani, akimtazama mjukuu akihangaika.

"Mama, mbona humshiki mtoto? Ataanguka huyo."

"Akianguka miguu yake iko chini, mama. Hapo alipo hafiki mbali."

Hakujibu. Mtoto alikuwa amefika juu ya kile kimteremko mbele ya nyumba ya jirani. Alisukuma mara mbili, baiskeli ikashika mwendo, akanyanyua miguu yote miwili na kuitanua mbele, vidole vimekunjwa juu ndani ya raba. Usukani ulikuwa unatetemeka kushoto, kulia, kushoto. Alipofika chini alishusha nyayo zote mbili kwa pamoja, vumbi likaruka, akasimama. Hakushangilia. Aligeuza baiskeli akaanza kuipandisha tena, uso umekazwa, wala hakutuangalia. Bibi alivuta stuli yake mbele kidogo apate kuona vizuri.

Wanaanguka, ndiyo. Ila kuanguka kutoka kwenye siti ya sentimita 35 na kuanguka kutoka kwenye baiskeli ya baba ni vitu viwili tofauti. Mchubuko unasafishwa kwa maji na sabuni, mtoto anapewa muda wa kulia, na yeye ndiye anayeamua kama leo yatosha. Mtoto akisema basi, ni basi. Usimlinganishe na wa jirani. Kuna anayenyanyua miguu ndani ya siku chache na kuna anayetembea na baiskeli msimu mzima wa kiangazi, na wote wawili wanafika.

Jambo linalonigusa zaidi katika shughuli hii ni mabinti. Kijijini kwetu, upande wa Kongwa, baiskeli ya nyumbani ilikuwa ya baba na baada yake ya kaka zangu. Dada zangu na mimi tulitembea: shuleni, kisimani, mashineni, mnadani. Hakuna aliyetukataza kwa maneno. Ilikuwa tu kwamba ukifika umri wa kuimudu baiskeli ile kubwa, umeshakuwa na kazi nyingine, na sketi, na macho ya watu barabarani. Kaka alikuwa anafika shuleni hajaloa jasho, sisi tunafika tumeshachoka. Mtoto wa kike wa miaka miwili na nusu hajaambiwa bado na mtu yeyote kwamba baiskeli ina wenyewe. Anaiona, anaitaka, anaipanda. Akifika darasa la kwanza mizani imeshaingia mwilini, na mizani ikishaingia haitoki. Kwa hiyo kama una binti na una baiskeli moja tu ya kugombaniwa nyumbani, nakuomba, binti aanze. Na kama wewe mwenyewe hujui kuendesha, usijione huna cha kumfundisha. Kazi yako ni kupima siti, kuchagua uwanja na kuzuia mikono yako. Kina mama kadhaa mtaani kwetu wamewafundisha watoto wao bila wao kuwahi kupanda baiskeli.

Utajuaje kwamba wakati wa pedeli umefika? Mtoto anateremka miguu iko juu, anakata kona akiwa ameilalia kwa ndani, anaangalia mbele badala ya kuangalia gurudumu, na anasimama pale alipokusudia. Wengi wanafika hapo kati ya miaka mitatu na mitano. Toa ule mfuko wa vyuma, mrudie fundi. Paka grisi kwenye nyuzi, kila pedeli irudi upande wake. Nyingi zina herufi L na R zilizochongwa kwenye ekseli. Siti iache chini kama ilivyo kwa siku za mwanzo, ili miguu yake iendelee kupajua nyumbani. Aanze kwa kusukuma kama alivyozoea, na baiskeli ikishashika mwendo, atafute pedeli kwa miguu. Usimwambie mengi. Watoto waliopita njia hii hawahitaji mtu wa kuwakimbiza nyuma akiwa ameshika keria. Wengi wao wanaondoka jioni ileile.

Jipya kwake ni breki. Mpaka hapo alikuwa anasimama kwa nyayo, na kwa mwendo wa pedeli nyayo hazitoshi. Baiskeli nyingi ndogo za mtumba zina breki ya kukanyaga pedeli kinyumenyume. Nyingine zina ya mkono, na hiyo ijaribu kwanza kwa kidole chako kidogo, kama ni ngumu kwako hataiweza. Chora mstari kwa kijiti kwenye vumbi, akae mbali, aje kwa mwendo wake, asimame kabla ya mstari. Rudieni mchezo huo ndani ya ua, geti likiwa limefungwa, mpaka asimame kila unapomwita jina. Bodaboda za mtaani kwetu hupita kasi zaidi jioni, saa ileile watoto wanapotoka nje.